Pua Yangu na Ulimi Wake

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuonja mvinyo, huwa nawajibu kwamba nilijifunzia kwenye stoo ya hoteli, kwa mtu ambaye wakati huo hakuweza kusikia hata harufu ya kitunguu kinachoungua. Wengi hucheka wakidhani nawatania. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kila nikiikumbuka miaka ile najiona nilikuwa mtu mwenye bahati.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya kilimo cha bustani kule Tengeru. Kazi ya shambani niliyoitarajia haikupatikana, nikaajiriwa kuhudumia meza katika hoteli moja ya watalii upande wa Themi. Bado nilikuwa naishi na mama yangu Ngarenaro, kwenye nyumba iliyobanwa kati ya gereji na duka la vioo. Nyuma yetu, kwenye uwanja wa jirani, kulikuwa na mti wa forosadi ambao matawi yake yalivuka ukuta, na msimu ukifika matunda yalianguka upande wetu mpaka sakafu ikawa na madoa ya zambarau ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote.

Nautaja mti huo kwa sababu ndio ulionipatia kazi. Siku moja mgeni aliniuliza mvinyo mwekundu niliokuwa namimina ukoje. Sikuwa nimefundishwa chochote. Niliinusa ile chupa nikamwambia unanukia kama forosadi zilizoiva kupita kiasi, zikaanguka chini, zikapigwa na jua la mchana. Mgeni alifurahi sana, akamwita mkuu wa vinywaji amweleze nilichosema.

Mkuu wa vinywaji alikuwa Mmeru mmoja mrefu, aliyebakiza miaka michache kustaafu, mwenye mashati yaliyonyooshwa kwa pasi kana kwamba kila siku ni Pasaka. Wafanyakazi wote tulimwita Mzee, naye alipenda kuitwa hivyo ilmradi hukusahau shikamoo. Aliniita pembeni akaniuliza nani amenifundisha kunusa. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza hizo forosadi nilizisikia kweli au nilitaka tu kumfurahisha mgeni. Nikamwambia nilizisikia. Wiki iliyofuata nilikuwa msaidizi wake.

Mama hakufurahi. Yeye ni Mlutheri asiyekosa ibada ya kwanza, na divai aliyoijua ni ile ya meza ya Bwana. Ilibidi nimweleze kwamba kazi yenyewe si kunywa, kwamba tunaizungusha mdomoni na kuitema ndooni.

“Kwa hiyo wamekuajiri uteme,” akasema, kisha akaanza kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa ruhusa yangu.

Mzee alinifundisha kwa mivinyo myekundu iliyotokana na zabibu zilizoachwa ziive sana juani, kwa sababu ndiyo iliyopendwa na wageni wetu. Mingi ilitoka Afrika Kusini na mingine Dodoma. Ikija hotelini huwa bado michanga, lakini tayari ni mitamu na minene, inateremka bila kumsumbua mtu. Alisema hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Mvinyo mkali unaokukunja uso ukiwa mchanga, angalau unakulazimisha ufikiri. Huu ulioiva unakupumbaza. Unaufurahia, unadhani kwa kuwa ni mzuri leo basi baada ya miaka utakuwa mzuri zaidi, kumbe hauna kitu cha kuusimamisha.

Nilipomuuliza kinachousimamisha ni nini, alinipa ndizi mbichi niing'ate. Mdomo ulikauka, ulimi ukagandia kwenye fizi. Akaniambia huo ndio ukakasi, unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na mvinyo ukiwa nao wa kutosha unaweza kungoja. Uchachu nao unahitajika, ule unaojaza mate pembeni mwa ulimi, kwa sababu bila huo mvinyo ulioiva unakuwa kama uji wa sukari. Na lazima tunda lenyewe liwe na nguvu, maana ukakasi utalainika na miaka, lakini tunda likishakwisha halirudi. Kazi yangu, akasema, ni kutafuta kama vitu hivyo vinakaa pamoja au vinasukumana.

Nilifanya naye kazi hivyo kwa muda, nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia kwenye ajira yoyote. Kisha akaugua.

Ilikuwa ile homa iliyozunguka dunia nzima. Hoteli ilikuwa karibu tupu, wageni hawaji, tukawa tunafanya kazi kwa zamu. Mzee alilazwa, akapona, akarudi amekonda na shati limemlegea shingoni. Asubuhi ya kwanza aliniita stoo, akafungua chupa, akamimina, akanisogezea glasi.

“Niambie.”

Nikanusa nikamwambia: forosadi, moshi kidogo, kitu kama ngozi mpya. Akanitaka nirudie polepole. Nikarudia. Akachukua glasi yake, akaingiza pua mpaka ikakaribia kugusa mvinyo, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Nilidhani ananipima kama kawaida yake. Lakini alipoinua uso, macho yalikuwa ya mtu aliyepotewa na kitu.

“Sisikii kitu, mwanangu,” akasema. “Tangu nitoke hospitali. Hata shuka zilizofuliwa, hata petroli. Hakuna.”

Nilisema labda itarudi, kwamba wengi imewarudia. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, jinsi mtu anavyoitikia akiambiwa pole msibani, akaniambia ameshaandika barua ya kuacha kazi na ataipeleka Ijumaa.

Aliyemzuia ni mkewe. Mama huyu alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya chini, na nilikuwa nimemwona mara moja tu alipomletea mumewe koti. Alhamisi yake alikuja hotelini, akatukuta stoo, nikamsalimia na kumpa kiti. Alisema amekuja kuuliza jambo moja. Akamgeukia mumewe.

“Jana jioni ulinirudishia chai. Ulisemaje?”

Mzee akajibu kwamba alisema imekaa sana na majani.

“Ulijuaje?”

Mkewe akaendelea kwa utulivu uleule, kana kwamba anamweleza mgonjwa jinsi ya kumeza dawa. Pua ndiyo iliyoumia, alisema. Ulimi wake haujaguswa. Tangu arudi nyumbani amelalamikia chumvi, amelalamikia limau kwenye kachumbari, na sasa chai. Kama anaweza kulalamika kwa ulimi wake kiasi hicho, basi aje alalamike mahali anapolipwa.

Baada ya mkewe kuondoka, Mzee aliniambia nimimine ule mvinyo niliokuwa nimemsimulia. Hakuunusa. Aliuweka mdomoni, akafumba macho, akautembeza, akatema.

“Uchachu upo, lakini unakatika mapema,” akasema. “Ukakasi ni wa mbele tu, hapa kwenye meno. Nyuma hakuna. Halafu kuna moto kooni.” Akafumbua macho. “Huu nilikuwa naupenda. Kwa nini nilikuwa naupenda?”

“Harufu yake ni nzuri sana, Mzee.”

“Basi ni harufu iliyokuwa inanidanganya.”

Ijumaa hakupeleka barua. Badala yake alikwenda kwa meneja mwenyewe na kumweleza ukweli wote, kwamba hasikii harufu, na kwamba kama hoteli itamvumilia angependa kufanya kazi pamoja nami, pua yangu na ulimi wake. Meneja wetu alikuwa mwanamke wa Moshi, mtu wa maneno machache. Alituita wote wawili, akaniuliza kama niko tayari, nikasema ndiyo. Akasema haoni tatizo, kwa vile wageni wenyewe hawapo na yeye ana mpango ambao unahitaji watu wenye subira. Alitaka hoteli inunue mivinyo michanga na kuitunza, ili watu watakaporudi kwa wingi miaka ijayo wakute chupa zilizokomaa mikononi mwetu. Kwa hiyo alitaka tumchagulie ile itakayodumu.

Sitasahau wiki zile. Tulionja asubuhi, wakati mdomo bado haujachoka, kwenye ukumbi wa chakula wenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Madirisha tuliyaacha wazi na baridi ya mlima wa Meru ikaingia, kwa hiyo tulionja tukiwa na makoti. Chupa nilizifunga kwenye mifuko ya karatasi ili jina lisitupotoshe. Mimi nilinusa kwanza na kumsimulia. Yeye hakuniruhusu kusema “nzuri” wala “mbaya”. Nikisema tunda, aliuliza tunda gani, limeiva kiasi gani, limepikwa au bichi, liko juu au limejificha chini ya kitu kingine. Nikimaliza, alionja na kunisimulia mdomo wake. Mara nyingi tulikuwa kama watu wawili wanaoielezea nyumba moja, mmoja amesimama nje na mwingine yuko ndani.

Kulikuwa na mmoja ambao kila mtu aliupenda. Hata wapishi walikuja kuonja. Ulinukia maua na forosadi na chokoleti, ukajaa mdomoni kama mto wa sufi. Mzee aliuonja mara mbili.

“Huu umekuja na kila kitu chake mezani leo,” akasema. “Haujabakiza. Tuuze mwaka huu na watu waufurahie.”

Mwingine ulikuwa umejifunga. Nilipounusa nilipata mkaa uliomwagiwa maji, na chini kabisa, baada ya kuzungusha glasi muda mrefu, tunda kidogo. Nilimwambia sioni cha kumwambia. Alipouonja aliomba tena. Alisema uchachu wake umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, na ukakasi wake ni mwingi lakini ni laini, kama unga uliochekechwa vizuri, umetanda mdomo mzima bila kukwaruza mahali. Akaniuliza lile tunda dogo nililolisikia lilikuwa limeiva au limechoka. Nikanusa tena. Limeiva na halijachoka, nikasema, kama lililochumwa asubuhi hiyohiyo. Akapiga meza kwa kiganja, taratibu. Huo tukauchagua.

Tulikosana kwa mmoja tu. Ulikuwa wa Dodoma, wa zabibu zilizoiva sana, na Mzee alisema hauna uchachu wa kutosha, unyweke mapema. Mimi nilisikia kitu ndani yake ambacho sikuweza kukitaja, nacho kilibadilika kila nilipoirudia glasi. Nilimwambia sikubali. Hakuzoea kuambiwa hivyo, na nilivyolelewa mimi, kumwambia mtu mzima hivyo kulinitoa jasho. Akasema tufanye jambo la haki: tuache nusu chupa ya huu na nusu ya ule uliopendwa na wapishi, vizibo vikiwa vimerudishwa, tuzionje kesho na keshokutwa. Mvinyo usio na akiba, hewa ikiupata unaanguka upesi. Wenye akiba unavumilia, na mwingine hata unapendeza zaidi. Ile hewa ya siku mbili, alisema, inakuonyesha kidogo miaka itakavyoufanya.

Kesho yake ule mtamu uliopendwa na wapishi ulikuwa umepooza, unanuka zabibu kavu zilizochemshwa. Ule wa Dodoma ulikuwa umefunguka. Nilichoshindwa kukitaja sasa nilikijua: ni udongo mwekundu mvua inapoanza kuugusa. Siku iliyofuata bado ulikuwa umesimama. Mzee alionja, akatema, akafuta mdomo kwa leso yake iliyokunjwa vizuri.

“Uweke,” akasema. “Lakini si kwa muda mrefu kama ule mwingine.”

Kwangu hiyo ilitosha. Nilirudi Ngarenaro siku hiyo nikitembea kwa miguu njia nzima, sikutaka furaha ile iishe mapema.

Wageni walirudi, hoteli ikajaa, Mzee akastaafu. Meneja alimuaga kwa zawadi iliyomfaa, chupa chache za kila mvinyo tuliokuwa tumeuonja wiki zile, na ule usiodumu ukiwamo kwa sababu Mzee mwenyewe aliuomba. Alisema anataka kuona kama aliuonea. Akazipeleka kwake mlimani juu ya Tengeru, kwenye chumba kilichochimbwa nusu ardhini nyuma ya nyumba, ambacho zamani waliwekea viazi. Kule kuna ubaridi mwaka mzima. Mimi nilikalia kiti chake, na tuliongea kwa simu mara kwa mara. Pua yake ilianza kurudi, lakini vibaya. Kahawa ilimnukia kama tairi linaloungua, na mkewe akaacha kuikaanga nyumbani. Alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida, lakini nilijua yanamuumiza.

Miaka ilipita, na Jumapili moja hivi karibuni Mzee na mkewe wakanialika baada ya ibada. Nilipanda na kuwakuta wamepanga glasi barazani, mkewe akiwa jikoni na ndizi nyama. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe kama la kazini. Tulifungua chupa tatu.

Ule mtamu ulikuwa umekwisha. Rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyopoa, na nilipouonja, baada ya utamu mdogo wa mbele, hapakuwa na kitu. Mzee hakujigamba. Alisema tu kwamba ulikuwa na ujana mzuri na wapishi wetu waliufaidi.

Wa pili ni ule uliokuwa umejifunga. Niliumimina, nikainua glasi ninuse nimsimulie kama tulivyozoea. Akaninyooshea mkono.

“Ngoja. Usiseme.”

Alikuwa ameiweka pua yake kwenye glasi. Alikaa hivyo, hatikisiki.

“Majani ya migomba,” akasema. “Makavu. Yale ya chini kabisa, yaliyonyeshewa.”

Nikainamia glasi yangu. Yalikuwepo, majani makavu yenye unyevu, na nyuma yake forosadi, sasa laini na tamu kama za kukausha. Nilimwambia ndiyo, ni hayo hayo. Akamwita mkewe, ambaye alikuja na mwiko mkononi, akamsogezea glasi.

“Nusa uniambie. Ni kweli au naota?”

Mkewe akanusa kwa uangalifu mkubwa.

“Inanuka pombe,” akasema, akaushika mkono wa mumewe na kuubana, kisha akarudi jikoni. Tulimsikia akiimba huko ndani, jambo ambalo Mzee alinong'ona kwamba halijasikika nyumba hiyo kwa muda.

Wa Dodoma tuliunywa na chakula bila kutema. Ulikuwa mpole, ukakasi wake umeyeyuka wote, na ule udongo wenye mvua ungalipo. Mzee alikiri kwamba ningemsikiliza angeukosa. Mimi nami nikakiri kwamba umefika mwisho wake, tungechelewa mwaka mmoja zaidi tungekuta kivuli, kwa hiyo na yeye hakukosea sana. Ndipo nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu nikiwa mhudumu wa meza. Nikasema asante, kwa kuniita pembeni siku ile na kuniuliza kama nimesikia kweli. Alinijibu kwamba hata yeye alikuwa na asante yake, kwa zile asubuhi zenye baridi nilipomsimulia vitu ambavyo hakuwa navyo tena, wala sikumfanya ajisikie masikini.

Nilikuwa nimemletea chupa moja ya mwaka huu, changa, ili anisaidie kuamua. Aliionja akiwa ameketi wima, akachukua muda wake.

“Hii ni ya safari ndefu,” akasema hatimaye. “Ndefu kuliko ile nyingine. Hii utaionja mwenyewe, mwanangu.”

“Na sisi tutakuwa wapi?” mkewe akauliza, akipakua chakula cha pili bila kututazama.

“Tutakuwa wazee sana.”

“Wazee sana hawanywi?”

Mzee akacheka, akakiri kwamba hilo hakulifikiria. Tulipanga kwamba nitanunua kwa ajili ya hoteli, na chupa kadhaa nitazileta zilazwe kwake kwenye ubaridi. Kisha akainusa tena ile changa, na safari hii pua haikumpa kitu, kwa maana harufu humjia na kumtoroka. Hakuhuzunika. Aliweka glasi mezani, akaegemea kiti, akaniomba nimweleze, nami nikaanza na lile tunda, jinsi lilivyoiva na mahali lilipojificha.